Jicho na Moyo wa Dereva

Gari lilipofika katika nchi za Waswahili lilikuta chombo cha bahari kimekwisha kutangulia, likaazima kwake maneno mengi. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa motokaa. Nauli ilikuwa malipo ya safari ya baharini. Abiria, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtu avukaye. Rubani, ambaye siku hizi amepanda hewani, alikuwa mwongozi wa meli, mjuzi wa miamba na mikondo. Neno moja halikuazimwa, nalo ni kubwa kuliko yote hayo. Ashikaye usukani wa gari hakuitwa nahodha. Aliitwa dereva, neno la Kiingereza lililotiwa irabu mwishoni likafanywa mwenyeji. Huenda jambo hili halina maana yo yote. Lakini mtu apendaye kupima maneno aweza kuona kuwa kitu kilidondoka njiani. Nahodha lilikuwa jina la dhamana: roho za watu, mali yao na chombo chenyewe vilikuwa juu yake. Dereva ni jina la kazi.

Pana neno jingine ambalo halikupotea, ila limefifia kwa kutumiwa ovyo, nalo ni makini. Kila tangazo la barabarani humtaka dereva awe makini, na kila dereva hudhani kuwa ametakiwa kufumbua macho. Asili ya neno hilo si macho. Katika Kiarabu kitu kilicho makini ni kile kilichotulia na kuthibitika mahali pake. Basi mtu makini ni yule ambaye moyo wake upo palepale ulipo mwili wake. Maana hiyo ya kale ndiyo ifaayo katika habari ya dereva mmoja wa basi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ambaye macho yake hayakuwa na kasoro.

Dereva huyo aliingia kazini kwa mlango wa nyuma, yaani kwa utingo. Kwa miaka sita alipakia mizigo, alikaza kamba za turubai, aliweka kabari nyuma ya matairi ya malori na kulala juu ya magunia ya vitunguu. Hakufundishwa kuendesha, alitazama mpaka akajua. Baadaye alikwenda chuoni akapata cheti na leseni ya kubeba abiria, maana macho ya utingo hayatoshi mbele ya sheria, na kwa miaka 24 aliendesha mabasi baina ya Dar es Salaam na Iringa, mwendo wa kilomita kama 500. Njia hiyo ni chuo kwa nafsi yake. Hutoka katika msongamano wa Kibaha na Mlandizi, hupita Chalinze penye wachuuzi wakimbiliao madirishani, huipita Morogoro, kisha hukata Mbuga ya Mikumi kwa kilomita kama 50 ambamo wanyama ndio wenye nchi. Hushuka mpaka Ruaha Mbuyuni kwenye joto na mibuyu, ndipo hupanda Kitonga, mlima ambao upande mmoja wa barabara yake ni jabali na upande mwingine ni korongo.

Ustadi wake katika njia hiyo ulisifiwa na wenzake, na watu wa kazi hiyo si wepesi wa kusifu. Alipokuwa akirudi kutoka Iringa aliingiza gia nzito akiwa bado kileleni mwa Kitonga, kabla mteremko haujaanza, wala hakuining'iniza safari juu ya breki. Breki ikipata moto huacha kushika, na dereva aliyeitegemea hugundua hivyo pale ambapo hakuna la kufanya. Mikumi, swala mmoja alipovuka, hakukanyaga mafuta. Alimngoja wa pili, kwa sababu swala hatembei peke yake. Vijijini alikuwa na elimu yake ambayo haikuandikwa katika kitabu. Mpira ukivuka barabara, nyuma yake yuko mtoto. Mbuzi akisimama kando huku amegeuza shingo, mwenzake yuko upande wa pili. Kijana mwenye dumu la maji nyuma ya baiskeli asiaminiwe kunyoka, kwa kuwa maji hucheza ndani ya dumu, na baiskeli huyafuata maji. Utingo wake, kijana wa miaka ishirini, aliyajua maneno hayo kwa moyo, maana aliyasikia kila siku.

Mtihani wa leseni haufiki huko. Hupima mkono na mguu: kurudi nyuma baina ya nguzo, kuondoka mlimani bila kuserereka, kuzitaja alama. Daktari hupima jicho kwa herufi zilizobandikwa ukutani. Hakuna chombo cha kuupima moyo wa mtu kama utakuwapo kazini saa tatu ya asubuhi, siku ya Jumanne, miaka 24 baada ya mtihani.

Simu nayo ina historia yake katika lugha. Neno hili hutokana na Kiajemi, ambako maana yake ni fedha, na pia waya. Mababu walipiga simu kwa maana ya kuupiga waya. Waya ulikuwa na adabu moja ambayo haikuonekana mpaka ulipoondoka: mwenye kutaka kusema alimwendea simu mahali ilipofungwa, akasimama, akasema, akaondoka. Hakuna aliyeweza kusema na simu ya ukutani huku anaendesha basi. Tarehe 3 Aprili 1973, katika mtaa wa New York, mhandisi Martin Cooper alipiga simu ya kwanza kwa chombo cha mkononi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka huohuo wa 1973. Viwili hivyo vilizaliwa pamoja, kimoja hakina habari ya kingine, na ilipita miaka ishirini hivi kabla havijakutana katika barabara moja.

Walipokutana, dereva wa habari hii hakuwa katika walevi wa simu. Aliwadharau vijana wasomao ujumbe huku gari linakwenda, na dharau yake ilikuwa na haki. Mwaka 2009 watafiti wa Virginia Tech huko Marekani walitoa hesabu waliyoipata kwa kuweka kamera ndani ya malori: dereva ashughulikaye na ujumbe alikuwa ameondoa macho barabarani kwa sekunde 4.6 katika kila sekunde 6 za hatari. Basi liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika sekunde moja. Kwa sekunde 4.6 limekwenda mita zaidi ya 100, urefu wa kiwanja cha mpira, na aliyelishika ni kipofu. Dereva hakuzijua tarakimu hizo, lakini alizijua kwa tumbo. Kwa hiyo alinunua kidude cha kusikilizia kitiwacho sikioni, akakitundika kwenye shati, na tangu siku hiyo mikono yake ilibaki kwenye usukani na macho yake yakabaki barabarani. Alijiona amelimaliza tatizo. Wengi wenye elimu kubwa kuliko yake hujiona hivyo kila asubuhi wanapokwenda vyuoni kufundisha.

Aliyempigia mara kwa mara alikuwa mwenye basi, ambaye katika lugha ya kazi huitwa tajiri, hata kama basi lenyewe ni moja na bado lina deni. Tajiri huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wadai, na wadai wake walikuwa na simu. Mwenye kumdai matairi alimpigia yeye, naye akampigia dereva, na hivyo haraka ya mtu aliyeketi dukani Kariakoo ilisafiri mpaka ikaingia katika sikio la mtu aliyebeba watu hamsini.

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2017. Basi liliondoka kituo cha Ubungo, kilichokuwa bado kikitumika mwaka huo, likapita Chalinze salama. Katika kijiji kimoja kabla ya Morogoro lilipunguza mwendo likaingia katika kibao cha kilomita 50, na kwa ushahidi wa wote halikukizidi. Simu ikalia. Tajiri aliuliza, kama ilivyo desturi, "Uko wapi?" Akajibiwa kuwa gari liko barabarani, linaikaribia Morogoro. Kisha akauliza hesabu. Baada ya kutoa mafuta, ushuru wa kituo, posho ya utingo na pancha iliyozibwa jana, imebaki shilingi ngapi? Mdai wa matairi alikuwa amesimama mbele yake akingoja jibu.

Dereva akaanza kujumlisha. Aliiona risiti ya mafuta kama kwamba iko mbele ya uso wake, na wino wake ulivyofifia pembeni. Aliyaona maandishi ya utingo katika daftari la nauli. Akatoa, akajumlisha, akarudia, akapata jumla, akaitamka. Tajiri akashukuru. Ndipo dereva alipoona maji yametapakaa juu ya lami, akashangaa yametoka wapi, na katika mshangao huo akasikia abiria wakipiga kelele.

Alikuwa mvulana wa miaka 11, na baiskeli, na dumu la maji. Pembe ya kushoto ya basi ilikuwa imempiga akiwa anakwenda upande uleule liendako basi. Mguu ulivunjika mahali pawili chini ya goti. Dereva alifunga breki, akashuka, akauwekea mguu ule vipande vya mbao kwa mikono isiyotetemeka, akapiga simu hospitali, na simu ileile ikaleta gari la kumchukua mtoto mapema kuliko ambavyo ingewezekana zamani. Haki itendewe hata simu.

Trafiki alikuja, akapima kwa futi, akachora. Katika mchoro wake alama za matairi zilianza mbele ya mahali alipopigwa mtoto, wala si nyuma yake. Maana yake ni kwamba breki haikufungwa ila baada ya kugonga. Jambo hilo lilichorwa vizuri, wala hakuna aliyelisoma. Abiria walikuwa na hamu ya kumtetea dereva wao. Walisema mwendo ulikuwa wa pole, walisema baiskeli iliyumba ghafula, na mwanamke mmoja aliyeketi kiti cha mbele alisema kwa kiapo kuwa alimtazama dereva na macho yake yalikuwa mbele. Alisema kweli. Trafiki akauliza swali moja zaidi, "Mzee, ulikuwa umeshika simu?"

"Sikushika simu," akajibu dereva.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Likaandikwa.

Sheria za nchi nyingi huuliza swali hilohilo kwa namna hiyohiyo. Uingereza ilikataza simu ya mkononi kwa waendeshao tangu Desemba 2003, na iliyokatazwa ni ile ishikwayo. Asemaye bila kuishika hakutiwa katika katazo hilo. Kenya, katika kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, iliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva atumiaye simu gari likiwa katika mwendo. Askari aliyesimama kando ya barabara aweza kuuona mkono ulioinuliwa mpaka sikioni. Moyo ulioondoka garini ukaenda Kariakoo hauonekani, na sheria isiyo na jicho la kuuona hushika kilicho karibu. Hili si kosa la watunga sheria peke yao. Kila mtu hupenda kuamini kuwa hatari iko katika mkono, kwa kuwa mkono una dawa rahisi.

Wataalamu walikwisha kusema kinyume chake zamani. Mwaka 1997 Redelmeier na Tibshirani walichunguza madereva 699 wa Toronto waliokuwa na simu na waliopata ajali za kuharibu mali. Walizilinganisha dakika za kabla ya ajali na dakika kama hizo za siku iliyotangulia, wakaona kuwa hatari ya kugonga wakati wa maongezi ya simu ilikuwa kama mara nne ya hatari ya kawaida, na simu zisizoshikwa hazikuonyesha usalama uliozidi simu zishikwazo. Haki yao pia waliandika kuwa watu 39 katika kila 100 waliitumia simu hiyohiyo kuita msaada. Baadaye David Strayer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Utah walikwenda mbali zaidi. Waliwaweka watu katika gari la kuigiza, wakafuata mwendo wa macho yao, wakawapa maongezi bila kushika simu. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2003 yalionyesha kuwa hata mabango ambayo macho yaliyatua juu yake hayakukumbukwa sawasawa na wakati ambapo mtu alikuwa kimya. Jicho lilifika, likagusa, likaondoka bila kitu. Na mwaka 2008 watafiti wa chuo hicho waliuliza kama mazoea huponya ugonjwa huu, wakaona hayaponyi. Mtu aliyezoea kusema huku anaendesha huzidi kujiamini. Kuona kwake hakuzidi.

Neno hilo la mwisho ndilo linaloihusu stadi ya dereva, na ndilo gumu kulikubali. Hudhaniwa kuwa ustadi ni akiba ambayo mtu aweza kuitumia pindi moyo unapokuwa mahali pengine. Mgeni wa usukani hawezi kujumlisha fedha huku anaendesha, kwa hiyo hathubutu. Mjuzi aweza. Mikono yake hubadili gia bila kuulizwa, mguu wake hupunguza mwendo penye kibao, gari hubaki katika mstari wake, na mambo hayo yote humshuhudia kuwa yupo. Basi la siku ile lilipunguza mwendo kijijini bila amri ya mtu. Lakini kanuni ya dumu na maji haikuwa katika mikono wala miguu. Ilikaa mahali palepale ilipokaa hesabu ya tajiri, na mahali hapo pana kiti kimoja.

Ndani ya mabasi mengi hubandikwa tangazo la kumkataza abiria kusema na dereva gari likiwa katika mwendo. Katazo hilo ni la kale na lina busara, ingawa abiria si msemaji wa hatari kuliko wote. Abiria huiona barabara. Lori likijitokeza katika kona hunyamaza mwenyewe, au husema, "Angalia." Drews, Pasupathi na Strayer walilinganisha maongezi ya namna mbili hizo mwaka 2008, wakaona kuwa mtu aliye ndani ya gari hugeuza maneno yake kwa kufuata hali ya njia, na mara nyingine maneno yake huwa msaada. Apigaye simu haoni kitu. Huendelea kuuliza huku ng'ombe wanavuka. Yeye ndiye aliyestahili kubandikiwa tangazo, na yeye ndiye asiyelisoma.

Tangu simu ya mkononi ienee, watu wameacha kuanza kwa "Hujambo" wakaanza kwa "Uko wapi?" Swali hilo lingeweza kuwa kinga kubwa kuliko faini zote, kama muulizaji angelingoja jibu lake. Hujibiwa, "Niko barabarani, naendesha," naye husema, "Sawa," kisha huendelea. Tajiri aliuliza, akajibiwa, akaendelea. Katika karatasi za ajali hakuna mstari wa kumwandika mtu huyo.

Jioni ya siku ile, walipokuwa wakila Iringa, utingo alimwuliza mkuu wake, "Mzee, hukumwona yule mtoto?"

"Nilikuwa naitazama barabara."

"Ulimwona?"

Dereva alinawa mikono akaondoka mezani. Utingo hakurudia kuuliza, wala hakumwambia mtu. Alikuwa ameketi mlangoni, akaisikia hesabu ikitamkwa kwa sauti.

Ikafuata miezi minne ya sifa. Hiyo ndiyo adhabu isiyotajwa katika sheria. Abiria walichanga fedha za mtoto na kumpa dereva azipeleke. Madereva wenzake walisema kuwa kama usukani ule ungeshikwa na mtu mwingine mtoto angekufa. Tajiri alimwongezea posho kwa utulivu wake. Kila sifa ilimrudisha mahali pale, naye alikuwa akijaribu kumtafuta mtoto katika kumbukumbu yake. Aliukumbuka mti uliokuwa kando. Alikikumbuka kibao cha kilomita 50. Aliikumbuka risiti. Mtoto hakuwamo. Angekuwa amemwona akakosea kumkwepa, angalikuwa na kosa la kuungama. Angekuwa amelala, angalikuwa na usingizi wa kuulaumu. Alichokuwa nacho ni barabara tupu, ing'aayo, isiyo na mtu, ambayo mchoro wa trafiki ulisema haikuwa tupu.

Mtu aweza kuuliza kwa nini hakunyamaza. Faili lilikuwa limefungwa, na jibu lake halikuwa la uongo. Pengine hapo ndipo palipomsumbua. Uongo mtu aweza kuutubia kama kitu chenye umbo. Kweli iliyotumiwa kufunika kweli nyingine haina pa kushikwa, nayo ilikuwa imeandikwa kwa jina lake, juu ya sahihi yake. Mtu huyo hakuwa msomi wa fikira hizi. Alisema tu kwa mkewe kuwa kila apandapo Kitonga huona maji juu ya lami.

Desemba aliomba ruhusa ya siku tatu. Yaliyofuata kituoni ni habari ya sheria nayo yatosha kutajwa kwa kifupi: maelezo yake yaliandikwa upya, akafikishwa mahakamani, akalipa alichoamriwa, akakaa kwa muda bila leseni. Tajiri alipata dereva mwingine. Lakini kabla ya kwenda kituoni alishuka kwanza katika kijiji kile, akaulizia nyumba.

Mtoto alikuwa akilelewa na bibi yake. Walikuwa barazani, bibi akichambua mchele katika ungo, mjukuu ameketi juu ya kigoda na mguu wake ameunyosha, gongo liko kando. Alikuwa amepoteza masomo ya darasa la tano tangu Agosti. Dereva alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Wewe ndiye wa basi?"

"Ndimi, mama."

Bibi alimwekea kiti. Alimshukuru kwa zile fedha za abiria, akamshukuru kwa zile mbao alizoufungia mguu, maana daktari alizisifu. Dereva aliketi akazipokea shukrani hizo mpaka zikaisha. Kisha akaeleza. Hakutumia maneno mengi. Alisema kuwa mtoto hakuyumba ghafula, au kama aliyumba yeye hajui, kwa sababu hakumwona kabisa. Alisema kuwa simu haikuwa mkononi, ilikuwa sikioni, na kuwa trafiki hakuuliza habari ya sikio.

Bibi aliacha kuchambua mchele. Alikaa muda mrefu bila kusema, akitazama barabara ambayo kutoka pale barazani yaonekana baina ya miembe miwili. Magari mawili yalipita.

"Sasa mbona umekuja kuniambia, baba?" akauliza. "Mimi nilikuwa nimekwisha kusema ni kazi ya Mungu, nikalala."

Dereva hakuwa na jibu. Aliyesema baada yake ni mtoto, aliyekuwa kimya muda wote, akiwatazama kwa zamu.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na tajiri. Mwenye gari."

"Alikuwa anauliza nini?"

"Alikuwa anauliza hesabu. Fedha zilizobaki."

Mtoto akafikiri. Bibi alimwambia anyamaze, naye hakunyamaza.

"Zilikuwa shilingi ngapi?"

Dereva alizikumbuka. "Laki mbili," akasema, "na elfu kumi na nne, na mia tano."